Kaka yangu analipa madeni ya kila mtu na kanisa linasema amina

Shangazi salamu sana, pole kwa barua ndefu, naandikia kwa simu nikiwa choo ya ploti juu hapa ndo pekee naweza kukaa bila mtu kuniuliza naandikia nani, na nikikaa sana lazima mtu agonge.

Mi nina miaka 26, mtoto wa kwanza kwetu, tunaishi Kayole tangu nizaliwe. Tumezaliwa ndani ya kanisa na nikisema ndani namaanisha ndani kabisa, baba ni mzee wa kanisa, mama ni wa kina mama wa maombi, nguo ni ndefu, kilemba ni lazima, tivii hatuna, harusi za watu wa nje hatuendi, na hospitali hatuendi. Sio ati imeandikwa mahali, lakini ukienda watajua na Jumapili utaitwa mbele utubu. Mi chanjo nilidungwa shule, nikarudi nyumbani nikavaa sweta wiki nzima kuficha mkono.

Kaka yangu ndo ananifuata, ana 23. Ni mwalimu wa kwaya. Shangazi huyu mtoto akiimba watu wa ploti wanazima redio, sio mchezo. Alikuwa anauza mashati ya mtumba Gikomba na rafiki yake, anajua kukunja shati mpaka unadhani limetoka kiwandani. Sasa kutoka kama mwezi wa pili akaanza kubadilika pole pole. Kazi akaacha, akasema ni ya dunia. Halali, nikiamka usiku nampata ameketi kwa kiti kwa giza, nikimuuliza anasema anaomba. Hali, anasema amefunga. Kanisani analia mpaka kola inalowa na watu wanasema Roho amemshika. Akakonda. Pasta akasimama akasema vijana wote wamwangalie huyu, huu ndo moto tumekuwa tukiuomba. Mi nikaangalia shingo yake vile imebaki mishipa tu nikashindwa kusema amina na wengine.

Alafu yakaja mambo ya madeni. Wiki mbili zilizopita aliuza simu yake kubwa akabaki na kabambe, pesa hizo akazunguka nazo akilipa kila mtu. Mama mboga alikuwa anamdai 70 bob za mwaka jana, yeye mwenyewe alikuwa amesahau. Ndoo ya jirani tumekaa nayo tangu wakati wa korona, akaiosha akairudisha. Mashati yake mazuri akagawia vijana wa kwaya. Na kile kitabu chake cha nyimbo, chenye ameandika sauti zote nne kwa mkono wake, akapatia kijana mmoja wa miaka 14 akamwambia "chunga hii". Jumapili baba akashuhudia mbele ati mwanawe amefanya kama Zakayo, na kanisa lote amina, haleluya.

Ijumaa tukitoka kesha, wengine wametuacha mbele, akaniambia, na ni kwa sauti ya kawaida tu kama mtu anakutuma mkate, ati amechoka kungoja Bwana amchukue. Nikamuuliza unamaanisha nini, akasema we unajua. Tulipofika kwa geti akatoa ile Biblia ndogo ya mfukoni akanishikisha, niape sitaambia mtu yeyote. Nikaapa. Niliogopa nikikataa ageuke aende. Tangu siku hiyo ametulia. Anatabasamu. Jana amekula chapati mbili. Baba anasema maombi yamejibiwa, mi naskia tu baridi kwa mgongo.

Mama alikuwa amemwambia pasta mwanzoni vile halali, pasta akasema hiyo ni pepo ya mauti, kwa hivyo amepangiwa funga kavu ya siku 7, bila ata maji, akae pekee yake kwa chumba cha nyuma cha kanisa mpaka imtoke. Inaanza Jumatatu. Leo ni Alhamisi.

Sasa Shangazi nimeapa kwa Biblia, nikivunja si nitakuwa nimemsaliti yeye na Mungu pamoja? Na nikimuuliza waziwazi si ndo nitakuwa nimemwekea hiyo kitu kwa kichwa? Jirani pia aliwahi sema mtu akijaribu hiyo kitu na apone polisi wanamfunga, ni ukweli? Na nikiongea nje watu wataanza kusema sisi ni Shakahola ingine, kanisa lifungwe, baba yangu aonekane kwa gazeti. Kitu kingine, sijui kama inasaidia, mama humeza dawa za presha kisiri. Huziweka kwa mkebe wa unga wa ngano. Ni mimi tu najua.

Mtu anagonga. Nijibu tafadhali.

Dada ya Mwimbaji, Kayole

*

Dada ya Mwimbaji,

Wasomaji wengine mjue kwamba huyu nilimpigia simu kabla sijamaliza kusoma barua yake mara ya pili, kwa hivyo msidhani ameachwa akingoja jibu huku hali iko hivyo. Mengi ya hapa nilimwambia kwa mdomo siku ile. Nayaandika kwa urefu kwa ruhusa yake, na vitu vichache nimevibadilisha wasijulikane, kwa sababu barua za namna hii kwangu zimekuwa nyingi, na hazitoki Kayole peke yake. Napata kutoka Eastleigh pia, huko haisemwi pepo, inasemwa jini, na anayeandika ni dada mtu vilevile.

Mwanangu, ile baridi kwa mgongo iamini. We ndo umeona sawa kwa nyumba hiyo yote.

Hebu tuyatoe haya mambo ndani ya kanisa kidogo tuyaangalie. Kijana wa miaka 23 ameacha kazi aliyoipenda, halali, hali, amekonda, analia mbele za watu. Kwa nyumba isiyo na dini mama angesema siku ya nne tu huyu mtoto ni mgonjwa. Kwenu kila dalili imepata jina takatifu. Kukosa usingizi kumeitwa kukesha, kukosa hamu ya chakula kumeitwa kufunga, machozi ni Roho, kuchoka na kila kitu ni kuikataa dunia. Ugonjwa umevaa kanzu umeingia mpaka madhabahuni, na watu wanaupigia makofi. Wala sisemi wana roho mbaya. Wanampenda, baba yako alisimama kushuhudia kwa fahari. Lakini hebu fikiria ni upweke gani huo, unazama na watu wako ufuoni wanasema tazama anavyoogelea.

Na hayo madeni. Hapo ndo nilisimamisha chai yangu. Mtu anayelipa hata 70 bob zilizosahaulika, anayerudisha ndoo, anayempa mwingine kitabu alichoandika mwenyewe akamwambia achunge, huyo anafunga hesabu. Anaweza kuwa ametubu, ndiyo, watu hutubu. Lakini ukiweka hilo pamoja na maneno aliyokuambia Ijumaa, na huu utulivu ulioingia ghafla, hiyo ni dharura, haingoji Jumapili. Utulivu huo ndo huwadanganya watu wengi. Mtu amepigana na nafsi yake miezi mitatu minne, siku moja anaacha kupigana kwa sababu ameamua, na uso unalegea, anakula, anatabasamu, nyumba nzima inashukuru. Labda kwa kaka yako ni nafuu ya kweli, Mungu ajalie iwe hivyo, lakini hilo hatulichezei bahati nasibu.

Nakwambia haya nikiwa nayajua. Kanisa nililokuwa nikisali zamani tulikuwa na mweka hazina, mwanaume mpole, mtu wa watu. Wiki moja alirudisha vitabu vyote vya hesabu vimepigwa mistari kwa rula, risiti zimebanwa kwa miezi, funguo za stoo ndani ya bahasha imeandikwa jina langu. Tukasema jamani huyu ni mwaminifu, mfano wa kuigwa. Nilimsifu mimi kwa mdomo wangu, alikuwa amesimama mlangoni, akacheka kidogo akasema asante mama. Sikumuuliza kitu. Tulimzika baada ya siku 9, na kwaya ilikatazwa kuja. Bahasha hiyo bado ninayo.

Kwa hivyo twende kwa kiapo kwanza, maana najua ndicho kinakukaba. Mi si mchungaji lakini Biblia nasoma, na kwa kuwa kwenu mnaishi kwa maandiko nitakupa maandiko. Fungua Samweli wa Kwanza sura ya 14 usome yote pole pole. Sauli aliapisha jeshi lake, alaaniwe mtu atakayekula kabla ya jioni. Watu wakazimia kwa njaa siku ya vita. Yonathani mwanawe hakuwa amesikia, akachovya fimbo kwa sega la asali, akala, na imeandikwa macho yake yakatiwa nuru. Sauli alipojua akataka mwanawe afe kwa sababu ya kiapo. Na sasa angalia, watu wakakataa! Wakasema hata unywele wake mmoja hautaanguka, wakamwokoa asife, kiapo kikabaki hapo hakina kazi. Humo ndani kuna funga iliyowekwa na mkubwa, kuna kiapo, kuna kijana, na kuna watu waliomtoa mikononi mwa kiapo, na sijaona mahali Mungu aliwakemea. We kuwa hao watu. Kuna na Herode ukitaka wa upande wa pili, yeye alitunza kiapo chake kwa kuona haya mbele ya wageni, na Yohana Mbatizaji akapoteza kichwa. Siri zipo za kutunzwa, hata zangu zingine sijamwambia mume wangu hadi leo, lakini siri ya mtu kutaka kufa sio ya mtu mmoja kubeba. Mwambie waziwazi, "nimevunja, nimevunja kwa sababu nakutaka", usimzunguke.

Kumuuliza sasa. Hapana, hutamwekea kitu kichwani. Hilo limechunguzwa sana na wanaotibu watu hawa, kuuliza moja kwa moja hakumpi mtu wazo, mara nyingi humpumzisha, maana amekuwa akilibeba peke yake kama gunia na mtu mmoja ameshika upande wa pili. Tafuta mahali mmekaa, sio mkiwa mbiombio, na umuulize kwa jina la kitu chenyewe: "Unafikiria kujitoa uhai?" Usiseme "si hauna mawazo mabaya, eti?" maana hapo umeshamjibia, atakwambia hapana ili upumzike. Akisema ndiyo, usiruke, usilie kwa nguvu, usimwambie fikiria mama. Muulize ni tangu lini. Muulize kama amepanga vile na lini. Alafu nyamaza, usikie. Ile kunyamaza ndo ngumu, nakwambia ukweli, mdomo utataka kuhubiri.

Na usimtishe na jehanamu. Hapa najua nitapigiwa kelele na wachungaji lakini wacha nipigiwe. Pengine hofu ya jehanamu kweli imemshika mkono mpaka leo, sikatai, dini imewashika wengi mkono, pamoja na nyimbo na kwaya na kujua kuna watu wanakungoja Jumapili. Lakini hofu hiyohiyo imemfunga mdomo. Yule anayeamini kwamba kuwaza tu ni dhambi isiyosameheka hawezi kuinua mkono katikati ya ibada aseme jamani mimi nawaza hivi. Atainua mkono aseme ana roho ya uvivu, ataungama vitu vidogo vidogo, hilo lenyewe analinyamazia. Hata makanisa makubwa yamekuwa yakilegeza kamba hiyo. Katoliki zamani walikuwa wakimnyima mtu kama huyo mazishi ya kanisa, sheria yao mpya ya 1983 haimtaji tena kwenye orodha ya wanaonyimwa, na katekisimu yao inasema wazi kwamba maumivu makubwa ya akili hupunguza lawama ya mtu. Kwa Zaburi nenda ya 88, mtu analia kutoka mwanzo hadi mwisho na hakuna haleluya popote, inaishia gizani, na bado iliwekwa humo iimbwe. Kaka yako ni mwalimu wa kwaya, hiyo ataielewa kuliko mimi na wewe.

Polisi hapana. Jirani yako anaongea sheria ya kale. Ilikuwepo kweli, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kujaribu kujiua lilikuwa kosa, kifungo hadi miaka 2, na watu walitolewa hospitali wakapelekwa kortini, aibu ya ajabu. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu hapa Nairobi, Jaji Lawrence Mugambi, ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kesi ilikuwa imepelekwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa akili na mama mmoja anayeishi na ugonjwa wa akili. Kwa hivyo mtu akikutisha na polisi mwambie akalale. Kaka yako hajajaribu kitu, ni mgonjwa anayepelekwa kwa daktari, basi.

Sasa mkebe wa unga. Uliandika kama kitu kidogo cha mwisho, ati hujui kama inasaidia, mwanangu hiyo ndo ilinifanya nivute pumzi. Mama yako ana presha, anapenda kuishi, na amepata njia ya kumeza dawa bila kumuacha Mungu wake. Hiyo vita ameshaipigana ndani yake peke yake, jikoni, asubuhi baba akiwa ameenda kazi. Anza na yeye. Usimwendee kwa kumwaibisha ati mbona unameza. Mwambie tu, "mama, najua kuhusu mkebe na sijawahi kusema, leo nataka unisaidie na kaka", na umwambie maneno ya Ijumaa vile yalivyosemwa, bila kuyapaka sukari. Alafu hizo dawa zitoke kwa mkebe, azibebe yeye mwenyewe mwilini, na nyumba muizungukie nyinyi wawili muondoe chochote chenye mtu anaweza kujidhuru nacho, mpeleke kwa mtu mnayemwamini. Si kumdharau. Mawazo haya huja kama mawimbi, yanapanda sana alafu yanashuka, na kazi yenu ni wimbi likipanda asiwe peke yake na asiwe na kitu karibu.

Mtu mmoja awe naye saa zote, usiku pia, mpokezane. Mkisikia amepanga, amesema lini, au akataka kutoka usiku, msingoje asubuhi, panda naye gari mwende hospitali ya Mama Lucy hapo karibu na nyinyi, sehemu ya dharura, useme kwa dirisha neno kwa neno: "kaka yangu ametuambia anataka kujiua". Usiseme halali tu ama ana stresi, watakupa foleni na panado. Kama hali inangoja kukuche, Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Kutoka Kayole unashika Outering mpaka Allsops, hapo unashika ya kuelekea tauni kwa Thika Road, unashuka Mathari, kila makanga anapajua. Najua jina hilo Nairobi ni matusi, mtu akikosana na wewe barabarani anakuambia urudi Mathari, hospitali iko hapo tangu 1910 na matani ni ya umri huohuo. Ndani ni hospitali. Kuna kliniki ya kwenda na kurudi, wengi huonwa na kupewa dawa na kurudi nyumbani jioni ileile.

Na kabla ya yote hayo kuna simu. Msalaba Mwekundu 1199, ni bure hata bila salio. Befrienders Kenya 0722 178 177. Wanapokea mwenye mawazo hayo na wanapokea dada mtu pia, unaweza kupiga ukiwa hapohapo chooni, wao hawagongi.

Funga ya Jumatatu haipo. Kwa mengine yote nitakuachia nafasi ya kupima mwenyewe lakini kwa hili sina mazungumzo. Siku 7 bila maji zinamuua hata mtu mzima wa afya, sembuse mifupa. Na hata wangempa uji, kumfungia peke yake mtu aliyesema amechoka kungoja ni kumpa upweke uleule ambao mawazo hayo yanautaka. Baba akisema ni amri ya pasta, mama yako aseme hapana, na mama yako akishindwa, kaka yako siku hiyo awe ameshaondoka nyumbani kwa shangazi yenu, kwa mjomba, popote penye mtu mzima na chakula. Ukiona wanamchukua kwa nguvu piga 999.

Shakahola. Nimefikiria sana kama nilitaje. Ile 2023 tulifukua zaidi ya miili 400 msituni kule Kilifi, watu walioambiwa wafunge wakutane na Yesu, na tangu hapo kila kanisa lenye kilemba likitajwa watu wananong'ona. Naelewa unavyoogopa baba yako awekwe kikapu kimoja na wale. Kwa hivyo ushauri wangu ni kwamba neno hilo usilitumie mbele yake hata umekasirika vipi. Ukimwambia "mnataka kuwa Shakahola" atafunga mlango, kwa sababu atakuwa anajitetea yeye na sio kumwangalia mtoto. Mwambie vitu vya macho. Baba, hajalala tangu mwezi wa pili. Baba, suruali ameikaza kwa kamba. Baba, aliniambia hivi Ijumaa, na maneno ni haya. Mwache akae nayo. Wanaume wa aina ya baba yako nimewaona wakibadilika, tena haraka, lakini hawabadilishwi na hoja, wanabadilishwa wakisikia maneno ya mtoto wao kama yalivyotoka mdomoni.

Usianze pia kumwambia kaka yako aache kanisa. Najua kuna watu watasoma hapa waseme ahame leo leo. Labda siku moja atahama, labda na wewe pia, hiyo ni habari ya mwaka ujao. Saa hii kanisa ndo marafiki wake wote, ndo kazi yake iliyobaki, ndo mahali pekee watu wamewahi kumwambia ana sauti nzuri. Ukimng'oa hapo wiki hii unamwacha na nini? Kuna yule kijana wa miaka 14 aliyepewa kitabu cha nyimbo. Usimtwike mtoto mambo haya, lakini mtume tu aje nyumbani aseme sauti ya pili imemshinda, aonyeshwe. Kama kuna mzee mmoja pale au mama mmoja wa maombi ambaye moyo wake unaujua ni laini, mwambieni, aje akae naye, aombe naye, hakuna ubaya. Maombi hayamzuii daktari, na daktari hatamkataza kuomba.

Akipewa dawa za dipresheni mjue hazifanyi kazi kama panado. Zinachukua wiki mbili, nne, wakati mwingine zaidi, na hizo wiki za kwanza ndo za kumchunga sana hasa kijana kama yeye, msilegee ati kwa sababu ameanza dawa. Hazimfanyi teja. Asiziache siku ya sita akiona hakuna kitu, na asiziache pia siku akijisikia vizuri bila kumuuliza daktari. Mama azishike, ampe moja moja. Sasa mama atakuwa na siri mbili za dawa, lakini naona hiyo ya pili baba ataijua tu.

Na wewe. Miaka 26, kila mtu kwa hiyo nyumba anakuegemea na wewe unaegemea ukuta wa choo. Hicho ulichobeba wiki nzima tangu Ijumaa si kidogo, na nilisikia kwa simu vile unameza mate kabla ya kila sentensi. Ukifika hospitali mwambie nesi na wewe unataka kuongea na mtu. Usiniambie we uko sawa.

Mkienda Mathari nendeni mapema, beba kitambulisho chake, vaa sweta kwa sababu yale mabenchi asubuhi ni baridi na mtangoja. Tia chai kwa thamosi na mandazi mawili matatu kwa karatasi. Usimlazimishe. Weka tu hapo kati yenu, mimina yako unywe, na akinyoosha mkono kuchukua usigeuke kumwangalia. Mkishaonwa nipigie.